Sentensi Ambayo Avelina Hakuisoma

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, katika chumba cha kurekodia cha Zahor kule Madale, iliposikika sentensi ambayo haikuwa kwenye karatasi.

Zahor alikuwa amepewa filamu ya maisha ya mwigizaji wa zamani wa Kimarekani, Eunice Harlow, aliyeanzia kwenye majukwaa ya New York kabla ya kuingia kwenye sinema, na kazi yake ilikuwa kuitia sauti ya Kiswahili. Maneno ya Eunice mwenyewe, yaliyotoka kwenye barua zake, aliyasoma Avelina. Hakukuwa na mwingine wa kufaa zaidi. Alikuwa ameigiza jukwaani miaka kumi na minne, na sauti yake nzito kidogo, isiyo na haraka, watu waliijua hata gizani.

Alisoma: "Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipopanda jukwaani mara ya kwanza. Nyumbani mama alikuwa anaumwa. Sikumwambia mtu."

Isack, fundi wa sauti, akarudisha nyuma ili wasikilize. Sauti ikayasema yote hayo, ikavuta pumzi, halafu ikaongeza taratibu: "Na Sesilia alikuwa bado anapumua."

Isack akauliza Sesilia ni nani. Avelina alivua hedifoni, akasema kichwa kinamuuma, akaondoka.

Sesilia alikuwa mdogo wake. Alikufa kwa pumu nyumbani kwao Segerea, akiwa na miaka tisa, wakati mama yao amesafiri kwenda Bukoba. Avelina ndiye aliyeachiwa mtoto. Jioni hiyo alikuwa na onyesho lake la kwanza, na mtoto alianza kukoroma kifuani. Alimlaza, akafunga mlango kwa nje, akaenda. Aliporudi alimkuta amepoa. Msibani aliwaambia watu kwamba alikaa naye muda wote, usingizi ukampitia kidogo tu. Walimwamini, na wengine walimlilia yeye kuliko marehemu.

Kwa hiyo Avelina aliamini kuna mtu alimwona akitoka, na mtu huyo amezungumza. Nao kina Isack walikuwa wa Segerea, mtaa wa pili tu.

Alianza kumchunguza. Aliona anavyoinamia simu yake, anavyonyamaza yeye akiingia. Alhamisi sauti iliongeza tena: "Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu." Mchana huo alimfuata Zahor, akamwambia kwamba Isack anachukua vipande vya sauti yake na kuviunga kwa kompyuta, kwa sababu siku hizi hilo ni jambo la dakika mbili.

Isack aliitwa. Hakupandisha sauti.

"Dada, mie sijaunga kitu," alisema. "Na hiyo sauti naiogopa kuliko wewe unavyoiogopa."

Zahor angeweza kupata fundi mwingine, lakini sauti kama ya Avelina asingeipata. Isack alikusanya waya zake, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu asubuhi Zahor alikaa kwenye mashine mwenyewe. Aliikata kompyuta kwenye mtandao, akaziacha simu zote nje, akafunga mlango. Walifanya kazi nusu saa vizuri. Kisha kikaingia harufu ya poda ya uso, ile ya zamani, na ndani yake kitu kama nywele zilizoungua, na Zahor alipoinua macho kumuuliza Avelina kama anaisikia, alimwona nyuma ya kioo amekaa wima, karatasi mapajani, midomo imefumbwa, huku kwenye hedifoni sauti yake ikiendelea kuongea, ikitaja mlango wa mbao, shuka la bluu, mtoto aliyekuwa anaomba maji, na mistari kwenye kompyuta ikipanda na kushuka kama mtu yupo pale anaongea kweli.

"Dada Avelina," alinong'ona, "umefumba mdomo."

"Nimefumba."

"Sasa nani anaongea?"

Alasiri hiyo Zahor alimleta shangazi yake kutoka Temeke, Bi Badriya, mama mnene wa makamo ambaye watu humwita mambo kama haya yakiwafika. Alisikiliza rekodi kidogo tu, akaomba izimwe, kisha akauliza huyo Mmarekani aliishia wapi. Zahor akamsimulia. Eunice alipata sifa nyingi, halafu akaanza kukataa kusikiliza filamu zake. Aliwaandikia watu kwamba kuna mwingine anayeongea kinywani mwake na anamsema. Akaacha kazi, akaishi miaka thelathini bila kumsemesha mtu.

Bi Badriya alichoma ubani, akasoma dua kwa muda mrefu, jasho likimtoka. Alipomaliza alimwita Avelina karibu.

"Huyu hakai kwenye mashine, mwanangu. Anakaa kwenye neno ulilolificha. Lipeleke leo kwa mwenye haki ya kulisikia, ulitoe kwa mdomo wako mwenyewe, akose pa kukaa."

Kabla ya kuondoka Madale, Avelina alimpigia Isack akamwomba radhi. Isack alikubali, akamtakia heri, akakata simu upesi.

Mama yake, Auleria, mwalimu mstaafu, alikuwa barazani Segerea akichambua maharage. Avelina alimwamkia. Hakuitikiwa. Akapiga magoti sakafuni akasema yote: onyesho, mlango, ufunguo, uongo wa msibani. Alilia sana. Mama yake aliendelea kuchambua mpaka akamaliza.

"Mbona unarudia?" aliuliza. "Si umeshaniambia asubuhi."

"Asubuhi nilikuwa studio, mama. Simu yangu ilikuwa nje."

"Ulinipigia. Tumeongea karibu saa nzima. Ila asubuhi hukulia." Alisogeza ungo pembeni. "Na lile kubwa uliniambia. Sasa unaliruka."

"Lipi, mama?"

"Kwamba ulipofunga mlango aliamka. Akakuita, akagonga. Ukasimama pale nje huku anagonga, ukikariri maneno yako ya jukwaani mpaka mwisho, ndipo ukaenda."

Avelina alitaka kusema si kweli. Aliirudia jioni ile kichwani, kitanda, mlango, ufunguo, hatua zake akiondoka, jioni ambayo kwa miaka kumi na minne aliikumbuka ikiwa kimya kabisa, na sasa kila alipofika mlangoni hakuweza tena kuapa kwamba kulikuwa kimya. Mama yake alikuwa anamtazama, anangoja. Avelina alifungua mdomo amweleze kwamba yule wa asubuhi hakuwa yeye, kisha akaufunga, kwa sababu alishindwa kujua ni nani angejibu kwa kinywa chake.