Neno Moja Nisiloweza Kulikwepa

Wifi yangu aliniibia kazi akiwa hewani, nami niko jikoni nimeshika chujio la chai.

"Dada mtangazaji, nani anakuandikia maneno matamu hivyo?" msikilizaji alimuuliza.

"Naandika mwenyewe, mpenzi."

Mwenyewe?! Jamani... kila neno la kipindi kile ni langu!

Nina kigugumizi, ndugu zangu. Kwa hiyo kila sentensi naisema kwanza kwa sauti pale jikoni, mama mkwe akisikiliza. Neno likinikwama nalitupa, natafuta jepesi. Ndiyo maana skripti zangu zinasikika kama umbea wa jirani.

Aliporudi nikambana.

"Wifi, ume... umesema nini redioni?"

"Ulitaka niseme naandikiwa na mtu ambaye hata salamu inamshinda? Meneja anatafuta mwandishi wa kudumu. Nimeshamwambia ni mimi."

Iliniuma sana.

"Sawa. Kesho ji... jiandikie."

Akajiandikia. Sentensi ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi! Katikati pumzi ikamwishia, akakohoa, wakaweka muziki.

Muziki haujaisha, simu yangu ikaita. Meneja, ananiita studio.

Nilimkuta wifi studio, macho mekundu.

"Nimeambiwa mwandishi ni wewe," meneja alisema. "Kazi unaitaka?"

"Naitaka. Ila leo nasoma mwenyewe. Na jina langu nalitaja."

"Utatuaibisha," wifi akanong'ona.

"Aibu gani imebaki, wifi?"

Taa nyekundu ikawaka. Nikasoma vizuri skripti niliyokuja nayo kutoka jikoni, maana maneno yote nilikuwa nimeyachagua. Mwisho likabaki jina.

Jina lako huwezi kulibadilisha na jepesi...

Nikakwama. Redio nzima kimya. Wifi akanyoosha mkono avute maiki, alitaje yeye. Nikausukuma ule mkono, nikavuta pumzi, nikalitaja lote polepole.

Tulipotoka nikamuuliza meneja nani alimwambia ukweli.

"Mama mkwe wako. Alipiga simu wifi yako akiwa bado anakohoa. Akasema, 'Huyo ni binti yangu wa kumzaa, lakini anayeandika yuko hapa jikoni kwangu. Mpigieni yeye.'"

Nililia kwenye ngazi, sikufichi.

Wewe unayesubiri ulimi unyooke ndipo uongee, utasubiri sana. Kwama, vuta pumzi, malizia. Jina lako litaje mwenyewe.