Bibi Aliyekataa Maji

Kila asubuhi fundi cherehani alimwachia mama yake uji, chupa ya chai na jagi la maji. Kisha alitoka akafunga mlango kwa kufuli.

"Mama, narudi saa kumi. Usihangaike."

"Nihangaike niende wapi? Magoti yenyewe yamegoma."

Hakufunga kwa ubaya. Kichochoro chao kilikuwa chembamba na chenye utelezi. Choo cha watu wote kilikuwa mbali, nyumba ya saba. Mwezi uliopita bibi alianguka akienda huko. Fundi akamwekea ndoo pembeni, akaona mambo yameisha.

Jumatano alirudi, akamkuta mama yake sakafuni, amevaa gauni juu ya gauni.

"Wewe dada, umetumwa na nani?" bibi akauliza.

Fundi alishtuka, mkoba ukamtoka mkononi.

Muuza mkaa wa jirani alichungulia. "Uzee huo, shoga. Sasa umepata mtoto mchanga."

Lakini mhudumu wa afya wa mtaa, aliyekaa chumba cha mkabala, aliingia akachuchumaa mbele ya bibi.

"Ameanza lini kuchanganyikiwa?"

"Leo. Jana tulicheka naye vizuri tu."

"Basi usiseme uzee. Mzee akibadilika ghafla, huo ni ugonjwa. Anahitaji matibabu leo leo." Akatazama midomo ya bibi, ilikuwa imepasuka. Akainua jagi, lilikuwa limejaa. Chupa ya chai nayo nzito.

"Mama!" fundi akasema. "Mbona hukunywa?"

Bibi akanong'ona, "Nikinywa nitakojoa. Kwenye ndoo siwezi kuchuchumaa. Na mlango umefungwa."

Fundi alihisi kama amezabwa kofi. "Kumbe nimemfungia mama yangu ndani na kiu yake!"

"Na moto je?" mhudumu akauliza. "Nyumba hizi za mabati na mbao zikishika moto, nani atamfungulia?"

Fundi alimbeba mama yake mgongoni mpaka zahanati.

Huko bibi aliwekewa dripu. Mkojo ulipopimwa, ulionyesha maambukizi. Akapewa dawa.

"Mzee anaweza kukaukiwa na maji bila kuhisi kiu," mhudumu alieleza. "Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Na umrahisishie kujisaidia, la sivyo atajinyima tena."

Fundi hakupoteza muda. Seremala alitoboa tundu kwenye kiti imara, ndoo yenye mfuniko ikakaa chini yake. Fundi akashona pazia, bibi apate sitara. Kufuli akalitupa.

Kisha akamwendea muuza mkaa. "Jirani, nikiwa kazini, utamtazama mama?"

"Hilo tu? Si ungeniambia zamani! Mimi niko hapo nje kutwa nzima."

Siku ya tisa fundi alirudi, akakuta mlango wazi. Bibi alikuwa amekaa kizingitini, anabishana na muuza mkaa.

"Kunywa, bibi. Kikombe cha mwisho."

"Cha mwisho ulisema saa nane!" Bibi akageuka, akamwona fundi. "Mwanangu, njoo uniokoe. Huyu jirani yako ananijaza maji kama rejeta ya lori!"

Muuza mkaa alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi hakucheka. Alikaa chini palepale, ameshika miguu ya mama yake.

"Sema tena, mama."

"Niseme nini?"

"Ulivyoniita."

"Mwanangu. Kwani nikuiteje?"