Hodi Isiyoulizwa Nani

Mfumo ulikuwa haujapewa mteja hata mmoja, lakini mtu alikuwa ameshapiga hodi mara tatu.

Fundi aliliona hilo asubuhi, chai yake ikiwa bado inafuka, katika daftari la mfumo, pale ambapo kompyuta huandika kila anayeingia. Hodi. Hodi. Hodi. Ya tatu ilikuwa imejibiwa: Karibu. Mahali pa jina palikuwa patupu. Akadhani ni mama yake, kwa kuwa tovuti ya mama yake, ya kuuza mapazia, ndiyo pekee iliyounganishwa kwa majaribio, na mama alikuwa mtu wa kubonyeza kitu mara tatu ili kimsikie.

Mwaka mzima Fundi alikuwa akijenga mfumo wa baruapepe kwa wenye tovuti: wauza viatu, walimu wa udereva, wakodisha viti, watu wanaotaka kusoma barua za wateja wao bila kuhitaji mjomba aliyesoma kompyuta. Alichoshwa na mifumo inayozungumza kama askari wa zamu. Wake ungezungumza kama watu. Ukifika, unabonyeza "Hodi". Mfumo unauliza, "Nani?" Unataja jina na neno la siri, ndipo unaambiwa, "Karibu, jisikie uko nyumbani." Na kwa ajili ya wale ambao macho yao yamechoka, kama mama yake, maneno hayo yalisikika pia, kwa sauti ya Fundi mwenyewe.

Kabla ya majaribio, mfumo ulipelekwa mbele ya Kamati ya Lugha ya Huduma, inayoidhinisha kila neno la mfumo, yenye wajumbe saba, wawili kati yao wakiwa na baruapepe.

"Dada Fundi," alisema Mwenyekiti, "hili 'Nani?' ni kali. Mteja kaja na heshima zake, sisi tunamhoji kama kibaka?"

"Mwenyekiti, mtu akipiga hodi si lazima uulize nani?"

"Kwako, sawa. Hapa ni huduma. Aingie kwanza, ajitambulishe ndani."

Ikaandikwa hivyo kwenye kumbukumbu za kikao. Jina na neno la siri vikahamia ukurasa wa pili, baada ya makaribisho. Kitufe cha kutokea kikaahirishwa hadi toleo lijalo, kwa hoja kwamba hakuna mteja wanayetaka atoke. Halafu Fundi akapewa sentensi arobaini zilizoidhinishwa, akazirekodi zote kwa mkupuo mmoja, akili yake ikiwa kwenye chakula cha mchana, kama karani anayeita majina ya wagonjwa.

Asubuhi ile akampigia mama yake simu.

"Mama, umeingia kwenye mfumo leo?"

"Sijaugusa. Wewe umekuja hapa saa ngapi?"

"Mimi? Sijaja."

"Acha mzaha. Nimekusikia sebuleni unasema karibu, jisikie uko nyumbani. Nikajua umeniletea mgeni. Nimeshamwekea chai."

"Umemwekea nani?"

Mama akashusha sauti. "Si huyu uliyemkaribisha. Kakaa kwenye kiti cha marehemu baba yako. Usiseme kwa nguvu, mwanangu. Anasikiliza."

Fundi alifika kwa mama yake kabla ya adhuhuri. Sebuleni palikuwa na harufu ya udi uliomwagiwa maji. Kiti cha baba kilikuwa kitupu, ila mto wake ulikuwa umebonyea, na mbele yake kikombe kilikuwa kikavu mpaka chini, rangi yake imepasuka kama kilichotoka tanurini. Fundi alitaka kucheka, akaona mto ukibonyea zaidi, taratibu, kama mtu anayejiweka sawa.

"Twende kwangu, mama."

"Nimwache mgeni peke yake? Aibu gani hiyo?"

Barua zikaanza kuingia kwenye kisanduku cha baruapepe cha tovuti ya mapazia, bila jina la mtumaji. Ya kwanza ilisema: *Nina baridi. Shona.* Mama akashona. Ya pili: *Jua ni kali. Shona.* Fundi alifuta kisanduku, akachomoa waya ukutani, mwishowe akabeba kompyuta nzima ya mama na kuipeleka ofisini, na daftari la mfumo likaendelea kuandika, mstari kwa mstari, *yumo, yumo, yumo*, na kule nyumbani mama akaendelea kushona mapazia ya madirisha ambayo nyumba haikuwa nayo, akiyatundika kwenye kuta tupu mpaka vyumba vikawa na giza saa saba mchana, na akawa hali, maana mgeni ndiye anayeanza kula na mgeni hamalizi, na mikono yake ikakonda hadi pete ikadondoka ndani ya kitambaa ikashonewa humo humo, na hata aliposinzia, kichwa juu ya meza, mashine ya kushonea iliendelea kwenda, pedali ikipanda na kushuka bila mguu.

"Mama, mwambie aondoke. Nakuomba."

"Mimi sikumwita," mama alinong'ona. "Aliyemwita ni wewe."

Mtabibu wa majini aliyeletwa alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na bado alitembea na faili. Alinusa, akainama kwenye kiti cha baba, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akamvuta Fundi uani.

"Kesi mbaya," alisema. "Huyu hana kosa."

"Hana kosa? Anamuua mama yangu!"

"Polepole, binti. Alipiga hodi mara tatu kama sheria inavyotaka. Hakuulizwa nani. Akakaribishwa kwa sauti ya mtoto wa nyumba, ndani ya nyumba, akaambiwa ajisikie yuko kwake. Anajisikia. Jini aliyevunja mlango namfukuza kwa kemeo. Aliyekaribishwa hakemewi. Anaagwa."

"Nimuageje?"

"Kwa sauti ile ile, mlango ule ule. Na fanya haraka. Mama hana wiki."

Fundi alijenga kitufe cha kutokea kwa siku moja, akarekodi "Kwaheri" huku akilia, akakipeleka kwa Kamati kwa hati ya dharura, kwa kuwa hakuna ukurasa uliofunguliwa bila muhuri wao. Dharura iliyopita ilichukua miezi minne. Hii ilirudi baada ya nusu saa: *Imeidhinishwa, pamoja na nyongeza ndogo ya adabu.* Fundi hakusoma nyongeza. Nani angesoma?

Alirudisha kompyuta sebuleni, akatungua pazia moja la dirisha ili aone. Mtabibu alisimama mlangoni, ameuacha wazi. Mama alikuwa kwenye mashine, mwepesi kama kanga iliyoanikwa. Fundi akabonyeza.

"Kwaheri," ilisema sauti yake.

Pedali ikasimama. Mto wa kiti cha baba ukapanda, polepole, ukajaa. Kitu kikapita kati yao, kizito, chenye baridi, na mapazia yakainama upande wa mlango moja baada ya jingine, kisha yakatulia. Harufu ikaisha. Nje mtu alikuwa akipiga honi, na ilikuwa sauti nzuri kuliko zote alizowahi kuzisikia.

Mama akainua kichwa. "Mwanangu," alisema, "nina njaa."

Fundi alikuwa ameshamkumbatia, amezisikia mbavu zake zote, sauti yake mwenyewe ilipotoka tena kwenye kompyuta, changamfu, ya siku ile ya kusubiri chakula cha mchana. Nyongeza ya adabu: sentensi ya arobaini. Kamati iliiweka katika wingi, kwa kuwa wingi una heshima zaidi.

"Asanteni sana! Karibuni tena, na mje na wenzenu."

Mtabibu aliuangalia mlango, akafunga faili lake, akatoka kwa dirisha la jikoni.

Ndipo zikaanza. Hodi. Hodi. Hodi. Sauti za wazee, sauti za wanawake, sauti nyembamba za watoto waliochoka na safari, barabara nzima mpaka kwenye kona, wakingoja kwa adabu, na kila ya tatu kompyuta ikiwajibu.

Mama akajitoa taratibu mikononi mwa Fundi, akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Kaazime kwa jirani," alisema. "Vikombe havitatosha."