Fundo la Tatu

Kila alasiri, kengele ya shule ikishalia, Amudha alijua njia moja tu. Alifika nyumbani, akatupa mkoba kando ya mlango, akamaliza kikombe cha kahawa ya maziwa kwa mikupuo mitatu, kisha akachomoka mbio kwenda barazani kwa rafiki yake Jothi kucheza keram, ule mchezo wa kupiga kete ubaoni kwa kidole. Katika mtaa wao mjini Kumbakonam hapakuwa na mtoto wa miaka kumi na miwili aliyejua kuzitia kete shimoni kama yeye, na mwenyewe hakuona haya kulisema.

Zilipobaki siku kumi kabla ya arusi ya kaka yake Elango, bibi yake alimzuia mlangoni. Bibi Alamelu alikuwa mfupi wa kimo, lakini sauti yake ilifika nyumba ya tatu. Mkononi alishika uzi wa pamba alioupaka manjano.

"Wewe mchezaji, njoo hapa. Siku ya arusi kaka yako atafunga mafundo mangapi?"

"Moja tu, Bibi. Mawili yanayobaki hufungwa na dada wa bwana arusi, ndiye mimi!"

"Na utayafungaje?"

"Kwa mikono."

"Mikono hata tumbili anayo," Bibi alisema, akamketisha.

Alichomoa kutoka ndani ya sari yake tali, kile kidani cha ndoa ambacho Amudha alikuwa amekiona tangu alipokuwa akinyonya. Vipande viwili vidogo vya dhahabu vilining'inia kwenye uzi wa manjano.

"Uzi nimeubadilisha kila mwaka kwa miaka arobaini na minane, lakini dhahabu ni ileile. Fundo la kwanza alilifunga babu yako. Hiyo ilikuwa ahadi yake. La pili na la tatu aliyafunga dada yake, kwa niaba ya nyumba nzima, kwamba hapa sitakuwa mgeni. Kwa hiyo mafundo yako ni neno letu sote, mjukuu wangu. Uzi wenye manjano mabichi huteleza, na shingoni kwa bi arusi kuna nywele na maua tele. Mvike Jothi maua, ufumbe macho, ufunge. Kila siku!"

"Ndiyo, Bibi."

Amudha alijaribu mara moja tu, tena kwenye shingo ya mtungi wa maji. Mtungi haukuwa na nywele wala maua, wala haukutikisika. "Kumbe ni hili tu!" alijisemea, akakimbilia keram. Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kuonana na Bibi, alipitia jikoni na kuchovya ncha za vidole kwenye mkebe wa manjano. Bibi alivitazama vile vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akidhani ni manjano ya uzi. Amudha aliona aibu kidogo, lakini keram ilikuwa tamu mno.

Siku ikafika. Tangu alfajiri ukumbi ulinukia asumini na samli. Bi arusi, Vasuki, aliketi kando ya Elango, kisogo chake kimefunikwa kwa mashada ya maua. Tali ilipitishwa kwenye sinia juu ya nazi, kila mkubwa akaigusa na kuibariki. Kisha saa njema ikawadia, ngoma na zumari zikalipuka kwa pamoja, na Elango akafunga fundo la kwanza.

"Zamu yako, Amudha!" Mama alimsukuma.

Amudha aliingiza mikono chini ya maua. Mara akagundua kwamba haoni kitu. Uzi uliteleza mithili ya kambare. Ngoma zilimtetemesha hadi meno, na wageni walikuwa tayari wameanza kurusha mchele wa manjano. Fundo la pili lilikaza. La tatu alipapasa, akashika alichokishika, akavuta, akafunga. Watu wakashangilia, naye akatabasamu kama fundi.

Baada ya maarusi kuuzunguka moto mtakatifu, Vasuki aliingia chumba cha ndani kubadilisha sari. Amudha alimfuata na sahani ya halua.

"Wifi, hongera," Vasuki alisema huku akishika kisogo. "Ila nikiinamisha kichwa navutwa nywele. Nimezunguka moto shingo ngumu kama mlingoti!"

Kamala, mama mdogo wa Vasuki, alijaribu kuyavuta maua. Hayakutoka.

"Yule msukaji maua ametuharibia kazi!" alifoka. "Atanitambua leo. Nipeni mkasi niyakate."

Amudha alichungulia kisogoni. Kamba ya maua, ule ukambaa mwembamba wa mgomba, ilikuwa imefungwa pamoja na uzi wa tali katika fundo moja: fundo la tatu, fundo lake. Mkasi ukipita pale, utakata uzi wa tali siku ileile ya arusi. Katika mji mzima wa Kumbakonam hapakuwa na mkosi mkubwa kuliko huo. Akisema, ataumbuka mbele ya wanawake wote wa upande wa bi arusi. Akinyamaza, lawama itamwangukia msukaji maua, mtu ambaye hakuwepo hata kujitetea.

Mkasi ulifunguka.

"Usikate, Mama Mdogo!" Amudha alipiga kelele, na sahani ikamponyoka. "Si msukaji maua. Ni mimi! Nimefunga tali pamoja na maua!"

Wanawake wote wakamgeukia. Bibi Alamelu alikuwa amesimama mlangoni.

"Si ulikuwa ukijifunza kila siku?" aliuliza polepole.

"Nilijifunza siku moja, Bibi. Kwa mtungi." Machozi yalianza kumtoka. "Vidole nilikuwa navichovya tu kwenye manjano ya jikoni."

Kamala aliuweka mkasi chini, akapumua kwa nguvu. Vasuki ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka bangili zikalia.

"Masikini mimi! Nimeolewa na Elango pamoja na shada la asumini!"

Wanawake wakaangua kicheko. Bibi hakucheka, ila uso wake ulilainika.

"Fundo la tali halifunguliwi," alisema. "Hukazwa. Kaa nyuma ya wifi yako. Chambua maua moja moja mpaka ukambaa ubaki mtupu, uuchomoe, kisha ulikaze fundo. Hakuna wa kukusaidia."

Ilimchukua Amudha karibu saa nzima. Nje wageni walikuwa wakila kwenye majani ya mgomba, na harufu ya mchuzi wa sambari ilimtesa, lakini hakuinua macho. Hatimaye ukambaa ukachomoka. Alipaka manjano mabichi kwenye uzi, akafumba macho kama alivyoagizwa, akakaza. Vasuki akainamisha kichwa, akakiinua, akakitikisa huku na huku.

"Hapo sawa, wifi! Kila Jumamosi utanivika maua, mpaka mikono yako izoee."

"Na keram?" Amudha aliuliza kwa unyonge.

"Keram tutacheza baadaye. Kwetu mimi ndiye bingwa."

Bibi Alamelu alimshika mjukuu wake mkono, akamketisha karibu naye.

"Sikiliza, Amudha. Uvivu wako ulitaka kumwaibisha wifi yako, na uongo wako ulitaka kumtwika mwingine mzigo usio wake. Kilichotuokoa ni ule ukweli uliousema huku unatetemeka. Kazi ya mikono haina njia ya mkato, na kosa lisiposemwa halipati wa kulirekebisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi. Nisamehe."

Bibi alivigeuza vile vidole vidogo kwenye mwanga wa dirisha. Vilikuwa vya manjano hadi kwenye viganja, na ukambaa ulikuwa umevichubua.

"Leo," alisema, "manjano haya ni ya kweli. Twende tukale."