Njiwa Saba wa Mwape

Siku ya tatu ya matanga, asubuhi, Honorine alikuwa akisugua sufuria kwa majivu nyuma ya nyumba yake huko Naviundu. Marehemu mumewe alikuwa Mwape, mchimba shaba. Zamani aliitwa Alphonse, kabla serikali haijafuta majina ya ubatizo kwenye karatasi za kazi. Kila alfajiri aliamka akikohoa mara tatu, kisha akaenda kuwapa njiwa wake mahindi. Njiwa saba weupe, kila mmoja na uzi wa buluu mguuni. Ndege wa Roho Mtakatifu, alisema, hakai penye mikono michafu.

Ukoo wake wote uliamini hivyo. Njiwa wakibaki baada ya mazishi, mjane hana kosa. Wakihama, yeye ndiye aliyemla mumewe kwa uchawi. Atafukuzwa, na watoto wake watabaki kwa wakwe.

Honorine alikwenda kumwaga maji kwenye shimo la taka. Chini ya majani aliona manyoya meupe. Na vichwa saba.

Jana alikuwa amemwona shemeji yake, Symphorien, akitafuna peke yake nyuma ya ua. Siku tatu alikuwa amemsongea mtu huyu bukari, ugali wa kwao. Siku tatu, na msiba wa mume moyoni.

Hakulia. Alinawa mikono, akaenda uani.

Symphorien alikuwa amesimama mbele ya wazee, mkono juu ya banda tupu la njiwa.

"Mujane huyu anakuja. Bamama, bababa, muangalie. Banjiwa bamekimbia. Ni huyu bibi alikula ndugu yangu."

"Sema tena, shemeji," Honorine alinong'ona. "Bamekimbia wapi?"

"Bame..."

Tumboni mwake kitu kililia.

Kuu. Kuu.

Kikajibiwa na kingine. Kisha kingine. Shati lake likawa linatikisika.

Nkandu, mama mzazi wa Symphorien na Mwape, akafanya ishara ya msalaba. "Symphorien," alisema polepole. "Ulikula nini?"

Alifungua kinywa ajibu. Akakohoa. Uzi ukatokeza kwenye midomo. Wa buluu. Akauvuta. Nyuma yake kulikuwa na mwingine.

Alivuta nyuzi saba. Hakuna aliyemgusa.

Kabla ya adhuhuri wakwe walikuwa wamekunja mikeka. Nkandu alibaki nyuma, mlangoni.

"Bakia na batoto bako, mwanangu. Utusamehe."

"Leo sina musamaha, mama. Niko na masufuria ya kusafisha."

Walipokwisha kuondoka, Honorine alikwenda kufunga banda. Halikuwa na ndege. Lakini kwenye majani makavu kulikuwa na yai moja. Alilishika. Lilikuwa na joto.

Akaliweka sikioni.

Ndani, kitu kikakohoa. Mara tatu.