Msiba Nilioutunga Siku ya Fainali

Msimu wa korosho kwetu Lisekese hakuna anayekaa bure. Asubuhi tunaokota. Jua likipanda tunakaa kivulini, tunanyofoa korosho kwenye mabibo, mikono inanata. Hapo ndipo maneno yanapotoka mengi.

Siku moja shoga yangu Mama Khalfan aliniambia, "Mama Zabibu, mwanao huko chuoni anacheza mpira. Umeridhika?"

"Kwani kuna ubaya?"

"Eti kuna ubaya! Mtoto wa kike akikimbia vile, kizazi kinateguka. Utakosa wajukuu, mwenzangu."

Zabibu ni mwanangu wa pekee. Alikuwa mwaka wa kwanza kwenye chuo cha ualimu Masasi. Maneno yale yaliniingia. Nilimpigia simu, nikamwambia aache mpira.

"Mama, Jumamosi ni fainali na Newala," alisema. "Tumebaki kumi na mmoja tu wazima. Siwezi kuwaacha."

Nilikata simu. Sikuuliza mtu. Ijumaa nikampigia mwalimu wake wa michezo, Mwalimu Getrude. Nikamwambia, "Bibi yake Zabibu amefariki. Mruhusuni aje."

Nilisema hivyo, na mama mkwe wangu Bibi Mwanakombo alikuwa nyuma ya nyumba, anamenya muhogo.

Nilidhani mtoto atakuja peke yake. Nitamgombeza, fainali itapita, yataisha. Nilisahau jinsi watu wetu walivyo. Mtu akifiwa, wenzake hawabaki nyuma.

Jumamosi asubuhi nikasikia kilio njiani. Zabibu yuko mbele, kanga kichwani, macho yamevimba. Nyuma yake timu nzima, wamejitwika unga na maharage. Mwalimu Getrude amebeba mkeka. Jirani yangu Mama Edmund, muuguzi wa zahanati, naye anakuja na mzigo wa kuni.

Bibi Mwanakombo akatokeza na kisu chake cha muhogo.

"Karibuni wajukuu zangu. Mnakwenda kumzika nani?"

Zabibu alianguka chini. Wasichana wengine waliacha mizigo, wakarudi nyuma. Bibi alinitazama, akaelewa.

"Kumbe maiti ni mimi," alisema. "Basi maiti ana njaa. Leteni huo unga."

Hakuna aliyecheka. Zabibu aliinuka, akamshika bibi yake mikono, akampapasa uso. Mimi hakunitazama.

"Mama, kwa nini?"

Mwalimu Getrude alisema taratibu, "Tuliomba fainali isogezwe. Haikuwezekana. Jumatatu wanafunzi wote wanakwenda mazoezi ya kufundisha. Newala wamesharudi kwao."

Waliondoka na Zabibu bila kunywa hata maji. Unga wao waliuacha.

Mama Edmund alibaki. Alitua kuni zake, akakaa.

"Ulikuwa unaogopa nini, mama?"

Nikamweleza habari ya kizazi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Gusa hapa nyongani," alisema. "Huu ni mfupa. Kizazi kimekaa ndani, mifupa imekizunguka na misuli imekishika. Hakiteguki kwa kukimbia. Wewe ulibeba ndoo za maji tangu usichana, ukapanda na kushuka milima. Hukumzaa Zabibu?"

"Nilimzaa."

"Mchezo unaupa mwili nguvu. Akiwa kwenye siku zake na hana maumivu makali, acheze. Muhimu ale vizuri, anywe maji, akiumia apumzike. Akiona damu haiji miezi mitatu, au anaumwa sana, aje zahanati. Zahanati ni pale tu, Mama Zabibu. Ungekuja kuniuliza."

Maneno hayo ya mwisho yaliniuma kuliko yote.

Wanafunzi waliporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, nilikwenda chuoni. Mwalimu Getrude alinipeleka ukumbini. Ukutani kuna ubao wa Kombe la Wasichana la Vyuo vya Kusini. Nilisoma polepole. Kila mwaka una jina la mshindi, tangu mashindano yalipoanza miaka tisa nyuma.

"Mwaka wa kwanza tulikuwa vyuo vinne," alinisimulia. "Magoli yalikuwa ya mianzi. Wengine walicheza pekupeku, wamefunga vitenge juu ya kaptula, kwa sababu ya kuzomewa. Waliozomea zaidi ni kina mama. Kombe lenyewe ni birika. Washindi wanapika chai, wanawamiminia walioshindwa kwanza. Mwaka wa mvua walicheza kwenye matope mpaka magotini. Fainali haikukosekana hata mara moja."

Mstari wa mwisho ulisema: *Fainali haikuchezwa. Msiba.*

"Mwalimu, futa hilo neno msiba," nilisema. "Andika kuwa mama mmoja alidanganya."

"Siwezi kuandika hivyo. Lakini msiba nitaufuta. Wasichana utawaambia mwenyewe."

Niliwaambia, wamepanga mstari mbele yangu. Niliomba radhi. Wachache tu waliitikia. Zabibu alitazama viatu vyake.

Tangu siku hiyo akipiga simu alikuwa na swali moja. "Bibi hajambo?" Nikijibu hajambo, anasema, "Mpe simu nimsikie mwenyewe." Mwaka mzima ilikuwa hivyo. Nilikuwa nampa bibi simu, natoka nje.

Mwaka uliofuata fainali ilikuwa Newala. Nilipanda gari asubuhi pamoja na Mama Khalfan. Naye nilikuwa nimempeleka kwa Mama Edmund akasikie mwenyewe habari ya kizazi. Nilimpelekea mwanangu viazi vya kuchemsha na maji. Alicheza amevaa suruali ndefu na kitambaa kichwani. Masasi wakashinda mawili kwa moja.

"Wee, mpige chenga huyo!" alipiga kelele Mama Khalfan mpaka sauti ikakauka.

Washindi wakawasha moto. Zabibu alibeba birika, akawamiminia wasichana wa Newala mmoja mmoja. Kisha akaja kwangu na kikombe. Nikamsikia akiuliza lile swali lake.

"Bibi hajambo?"

"Hajambo. Ana kikohozi kidogo tu."

Nikatoa simu mfukoni, nikampa ampigie bibi kwa simu ya Mama Edmund. Nilikuwa nimezoea.

Hakuipokea.

"Kunywa chai, mama," alisema. "Itapoa."

Nilikunywa nikiwa nimeinamisha kichwa. Kule chuoni ule mstari wa fainali isiyochezwa bado upo ukutani. Kila nikienda, nausoma.