Kilima Alichokinyoosha Gratien

"Kabla hujashika huo mrija wa pombe, Gratien, nijibu kitu kimoja."

Gratien alisimama nyuma ya jiko na mchumba wake, Emelyne, suti imempwaya kwa jinsi alivyokonda. Uani kwa kina Emelyne, pale Ilembo, ndugu walikuwa wamezunguka chungu cha pombe ya ndizi. Ilikuwa siku ya kuganduka, siku ya kufunga msiba wa Mzee Dieudonne, baba yake Emelyne, aliyesombwa na mafuriko ya El Nino mwaka uliotangulia. Kwa Warundi wa pale, msiba usipofungwa binti wa nyumba hiyo haolewi. Gratien angekunywa kwa mrija kutoka chungu kimoja na ukoo, harusi itangazwe hapohapo. Emelyne alikuwa ameisubiri siku hiyo mpaka machozi yakamkauka.

"Uliza," Gratien alisema.

"Umemwambia Baba mdogo Salvator umeacha kazi ya mradi wa maji. Kwa nini?"

"Nimechoka."

"Unanidanganya. Na wala hujui kudanganya."

Gratien akakitazama kilima nyuma ya nyumba. Kilikuwa na mkunjo mkubwa katikati, ukishuka moja kwa moja hadi pale nyumba ya zamani iliposimama kabla ya mafuriko.

"Unaikumbuka kazi yangu? Kuielezea kompyuta kilima, ituambie mvua ikinyesha maji yatafika wapi, nani ahame, nani abaki."

"Nakumbuka. Baba alikataa kuhama kwa maneno yako. Alikuwa anawatambia majirani, 'Mkwe wangu amepima, sisi tuko salama.'"

"Kilima kina makunjo mengi, Eme. Kukiingiza chote, mashine ingesaga wiki nzima. Nikakinyoosha. Kila mteremko nikaufanya kama ubao mmoja ulioinama, maji yashuke sawasawa mpaka mtoni. Wataalamu wanafanya hivyo, na sehemu nyingi inakubali."

"Na hapa?"

"Hapa ule mkunjo ukapotea. Maji ya kilima kizima yanakusanyika pale, mimi nikayatawanya."

Mwaka mzima Emelyne alikuwa amemnunia Mungu wa watu, hata kanisani anakwenda kwa kuburutwa, kumbe wa kununiwa ndiye aliyekuwa akimletea sukari kila alipokuja.

"Ulijua?"

"Nilijua baada ya mazishi. Nilikirudishia kilima makunjo yake yote, nikasubiri ile wiki. Safari hii kompyuta ikaonyesha maji yanafika mlangoni kwenu."

"Wiki moja tu. Kwa nini hukusubiri mwanzoni?"

Gratien alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomkumbusha Emelyne. Alijiona tena kabla ya mafuriko, posta ya Mpanda mjini, simu sikioni, anaongea na Gratien aliyekuwa ofisini Sumbawanga.

"Padri ametupa tarehe, Gratien. Ukichelewa hiyo wiki, Kwaresima inaingia, ndoa mpaka Pasaka."

"Kazi haijaisha, Eme. Kilima cha kwenu kinanisumbua."

"Kirahisishe basi. Si wewe ndiye mtaalamu? Maliza uje."

Aliyasema huku anacheka. Mvua ilitangulia kufika kuliko harusi.

"Mbona hukuniambia?" Emelyne aliuliza.

"Nilitaka lawama iwe yangu peke yangu."

"Ungeniacha nimlaumu Mungu mpaka nazeeka?"

"Nakupenda, Eme. Tuibebe wote wawili."

"Na mimi nakupenda, ndiyo tabu yenyewe. Kila nikikuona nitamwona Baba anawatambia majirani. Na wewe kila ukiniona utaisikia ile simu. Nyumba gani hiyo?"

Gratien alifunika uso kwa mikono. Emelyne alitamani kumshika, mkono ukagoma.

"Emelyne," Baba mdogo Salvator aliita kutoka uani. "Mlete mkwe, tufunge msiba. Tunamsubiri yeye tu."

Emelyne akatangulia peke yake. Mama yake, Skolastika, alikuwa ameshika mrija wa mkwe, na kwa mara ya kwanza tangu mafuriko uso wake ulikuwa na tabasamu. Emelyne aliupokea mrija taratibu, akaulaza chini kando ya chungu.

"Mnisamehe, Baba mdogo. Waambie watu warudi makwao. Msiba wa Baba haufungwi leo. Kwangu mimi ndiyo kwanza umeanza."